Kalamu ya Mwanzi na Stempu ya Idd



Shukrani zote zamstahiki Allah (S.W.), Mola aliyeapa kwa kalamu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu msomaji, maneno haya niliyasema mara ya kwanza mbele ya vijana wenzangu wa madrasa, baada ya swala ya Alasiri, wakati ule wa Ramadhan ambapo tumbo lina lake na akili ina lake. Nilipoombwa niyaandike kwa ajili ya jarida letu nimeyapanga kidogo tu, sikutaka kuyavisha joho. Yachukue kama yalivyosemwa, na ukiona nimeteleza mahali nirekebishe.

Naanza kwa aibu yangu mwenyewe. Ramadhan moja iliyopita wazee wa msikiti wa mtaani kwetu waliniomba niwatengenezee bango la kuukaribisha mwezi. Mimi ndiye "kijana wa kompyuta" hapo mtaani. Kila kadi ya harusi, kila tangazo la mawaidha, hupitia kwangu. Nikachukua ile aya ya Suratul Baqara inayoutaja mwezi wa Ramadhan na kuteremshwa kwa Qur'ani, nikaipanga vizuri, nikaitia rangi ya dhahabu juu ya kijani. Kwenye kompyuta yangu ilipendeza, wallahi. Nikaituma kwa wachapishaji kwa intaneti, nikalala usingizi wangu.

Sasa, wewe uliyesoma chuoni wajua kwamba herufi za Kiarabu hushikana mikono. Baa ya mwanzo wa neno si baa ya katikati, wala si baa ya mwisho. Lakini programu ya kuchorea ambayo haikuwekwa sehemu ya Kiarabu haiyajui mambo haya. Huziachanisha herufi, kila moja ikasimama peke yake kama watu waliogombana, tena huzipanga kutoka kushoto kwenda kulia kama Kizungu. Hivyo ndivyo lilivyotoka bango letu. Aya ya Mwenyezi Mungu imekatwa vipande na kugeuzwa nyuma mbele, mita nne kwa urefu. Likatundikwa mlangoni kabla ya tarawehe ya kwanza.

Likakaa siku tatu. Siku ya nne mwalimu wangu wa zamani, aliyenifunza juzuu Amma na ambaye macho yake sasa hayaoni sawasawa, alisimama chini ya lile bango muda mrefu. Kisha akaniita. "Mwanangu," akasema, "hii ni lugha gani?"

Hakunigombeza. Ningependelea lau angenigombeza.

Tukaliteremsha usiku huo huo. Na hapo likazuka swali jingine ambalo sikuwa nimelifikiria: utalipeleka wapi? Ni plastiki, halichomeki vizuri, na si la kutupwa kwani zile ni herufi za Qur'ani hata kama zimetawanyika. Tulilikunja tukaliweka stoo ya msikiti pamoja na misahafu iliyochakaa. Liko huko mpaka leo.

Lakini nikwambie kilichoniuma zaidi. Katika siku zile tatu watu mia kadhaa walipita chini ya bango lile, kwenda na kurudi, swala tano na tarawehe. Wengi wao husoma Qur'ani kila siku, na wako waliohifadhi. Hakuna aliyeona. Na mimi mwenyewe nilipita mara sijui ngapi, nikajisifu moyoni kwa ile rangi ya dhahabu. Yaani tumefika mahali maandishi ya Kiarabu kwetu yamekuwa pambo tu, kama maua ya plastiki. Mradi yaonekane ni ya Kiarabu, basi.

Baada ya mkasa huo nikaanza kutafuta habari za watu wanaofanya kazi hii ya uchoraji wa herufi na matangazo huku wameishi baina ya tamaduni mbili au tatu. Nilitaka kujua wao hukosea vipi na hujifunza vipi. Nikakutana na habari za mtu mmoja ambaye tangu hapo hajanitoka akilini.

Anaitwa Mohamed Zakariya. Alizaliwa mwaka 1942 katika mji wa Ventura, jimbo la California, Marekani, nyumba isiyokuwa ya Kiislamu. Ujanani alikuwa fundi wa mashine, kazi ya kukata na kuchonga vyuma. Maandishi ya Kiarabu aliyaona dirishani mwa duka la mazulia, yakamshika. Akiwa na miaka 19 akafunga safari hadi Moroko, na huko akaupenda Uislamu na khati kwa pamoja. Aliporudi kwao akasilimu. Katika safari nyingine ya Moroko akakutana na khattat wa Kimisri, Abdussalam Ali-Nour, akawa mwalimu wake wa kwanza. Akaenda pia Uingereza, akawa anasoma miswada ya zamani iliyohifadhiwa katika British Museum. Mmarekani anafundishwa na Mmisri akiwa Moroko, kisha anaendelea na masomo London! Mkoba wake sijui ulikuwa na karatasi za nchi ngapi.

Basi akaandika na kuandika, miaka karibu ishirini. Akajulikana. Mwaka 1984 akafika Istanbul, Uturuki, kwa mwaliko wa kituo cha utafiti wa historia, sanaa na utamaduni wa Kiislamu, kile kinachoitwa kwa ufupi IRCICA. Wewe ungetarajia apokewe kwa vifijo. Aliambiwa kwa heshima zote kwamba ikiwa kweli anataka kujifunza, ayaweke kando yote aliyojifunza na aanze upya. Aanze kama mtoto.

Hebu jipime hapo, ndugu yangu. Una miaka arubaini na kitu, una kazi zako, watu wanakuita ustadh. Mtu anakwambia rudi kwenye alif. Ungefanyaje? Mimi nina miaka ishirini na miwili na mtu akinikosoa rangi ya kadi ya harusi nanuna siku mbili.

Yeye alikubali. Akakaa chini ya mwalimu Hasan Çelebi, na masomo mengine yakawa yanakwenda na kurudi kwa posta baina ya Marekani na Istanbul. Njia yenyewe ni hii: mwalimu anaandika mstari, mwanafunzi anaunakili mara nyingi, analeta alioupenda, mwalimu anaandika chini yake pale palipokosewa. Herufi hupimwa kwa nukta, ile nukta ya mraba inayoachwa na ncha ya kalamu. Alif ina nukta zake, baa ina zake, na kipimo hicho kimeanzia kwa Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940. Somo la kwanza lenyewe ni dua, mwanafunzi akimuomba Mola wake amfanyie wepesi. Wengine hulikaa somo hilo moja miezi na miezi. Je, huoni kwamba ni ule ule ubao wetu wa chuoni? Mwalimu anakuandikia, unasoma, unarudi, unaambiwa "rudia".

Mwaka 1988 Zakariya akapewa ijaza ya khati za thuluth na naskh, na mwaka 1997 akapata nyingine ya ta'liq kwa mwalimu Ali Alparslan. Alikuwa Mmarekani wa kwanza kufikia daraja hiyo. Ijaza mnaijua, ni silsila. Mwalimu wake alipokea kwa mwalimu wake, naye kwa wake.

Na hapa kwenye silsila pana jambo ambalo sisi watu wa pwani yatupasa tulisikilize kwa masikio mawili. Mwalimu wa Hasan Çelebi alikuwa Hamid Aytaç, aliyezaliwa Diyarbakır mwaka 1891 na kufariki Istanbul mwaka 1982. Mwaka 1928 serikali ya Uturuki ilipitisha sheria ya kuacha herufi za Kiarabu na kuandika kwa herufi za Kilatini. Fikiria wewe ni khattat, kazi yako ni herufi, unaamka asubuhi herufi zako hazina tena kazi ya magazeti, wala mabango ya maduka, wala barua za serikali. Wako walioacha kabisa. Hamid alikuwa na duka la uchapaji. Akaendelea kuchapa kadi na lebo kwa herufi mpya ili ale na watoto wake, na khati hakuiacha, wala hakuacha kufundisha. Lau angeiacha kwa hasira, yule fundi wa mashine kutoka California angefika Istanbul asipate mlango wa kubisha.

Kwetu je? Herufi zetu hazikuondoshwa kwa sheria ya siku moja. Zilikwenda polepole, shule baada ya shule, ofisi baada ya ofisi, mpaka Kiswahili cha herufi za Kiarabu kikawa ni kitu cha kwenye makumbusho na masanduku ya bibi zetu. Pale Siyu, kisiwani Pate, karne ya kumi na nane na ya kumi na tisa walikuwako mafundi wakinakili misahafu kwa mkono, kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, wakiipamba kurasa kwa mtindo wao wenyewe ambao mjuzi akiuona huutambua kuwa ni wa kwetu. Karatasi zilikuja kwa bahari kutoka nchi za mbali. Mapambo yalikuwa ya Siyu. Hao nao waliishi baina ya tamaduni, ila hawakupoteza mkono wao.

Na msidhani tulinyamaza. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937, alianza kutoa karatasi yake iitwayo Sahifa kule Mombasa mwaka 1930, na mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na alipoona kwamba Kiarabu hakina p wala ch wala g yetu, na kwamba e na o hazina irabu zake, akaweka alama za kuzitenganisha ili msomaji asikisie. Sisi twamjua kama mwanachuoni na mwenye kuleta mageuzi, na ndivyo. Lakini mtu anayekaa akafikiri nukta ngapi ziwekwe juu ya herufi ili mama wa Kimvita asome bila kukwama, mtu huyo anafanya kazi ile ile ninayoifanya mimi kwenye kompyuta. Tofauti ni kwamba yeye aliifanya kwa makini.

Turudi kwa Zakariya, maana sijafika penyewe.

Marekani kwa miaka mingi posta yao ilikuwa na stempu za Krismasi, za sikukuu za Mayahudi na za wengineo. Waislamu hawakuwa nayo. Watoto wa Kiislamu kwa maelfu wakaandika barua kwa wakuu wa posta wakiomba stempu ya Idd. Watoto! Sisi hapa tukitaka kuandika barua kwa mwakilishi wa wadi twamngoja mzee mmoja tu mwenye mhuri. Ombi likakubaliwa na kazi ya kuiandika akapewa Zakariya.

Aliandika maneno mawili tu, Idd Mubarak, kwa khati ya thuluth. Wino aliutengeneza mwenyewe. Kalamu zake zilikuwa za matete kutoka Mashariki ya Kati na za mwanzi wa Kijapani uliomea Hawaii. Karatasi ilipakwa wanga, kisha shabu iliyochanganywa na ute wa yai tabaka tatu, ikasuguliwa kwa jiwe la akiki na kuachwa zaidi ya mwaka mzima ndipo iandikwe. Yote hayo kwa kitu kidogo kuliko kidole gumba, kitakachobandikwa kwenye bahasha. Na baada ya hapo kazi ikatiwa kompyuta, ndiyo iliyoweka rangi ya dhahabu juu ya buluu. Nawaambia hili wale wanaodhani khati na kompyuta ni maadui. Kompyuta iliingia mwisho, baada ya mkono kwisha kazi yake. Mimi katika bango langu niliitanguliza, na mkono haukuingia hata kidogo.

Chini ya khati ile pameandikwa kwa Kiingereza maneno ya salamu za Idd. Naomba uyatazame maneno hayo madogo. Muislamu wa Chicago akiitazama stempu anaona lugha ya dini yake. Karani wa posta wa kijijini, ambaye hajawahi kukutana na Muislamu, anaelewa pia kwamba hii ni salamu ya sikukuu. Hakuna aliyefungiwa mlango.

Na jambo hili lina asili kwetu. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alipotaka kuwaandikia wafalme, aliambiwa kwamba Warumi hawasomi barua isiyokuwa na mhuri. Hakusema hayo ni mambo yao. Akatengeneza pete ya fedha, ikachongwa mistari mitatu: Muhammad mstari mmoja, Rasul mstari mmoja, na Allah mstari mmoja. Ujumbe ukabaki ni ule ule wa tauhidi, na ada ya msomaji ikaheshimiwa ili ujumbe umfikie. Vile vile alimuamrisha Zayd bin Thabit, aliyekuwa kijana mdogo, ajifunze maandishi ya Mayahudi, na imesimuliwa kwamba aliyajua kwa nusu mwezi. Ni Zayd huyo huyo ambaye baadaye Abu Bakr (R.A.) alimkabidhi kazi ya kuikusanya Qur'ani, akiwa na umri kama wetu sisi tunaosoma chuo kikuu. Kijana aliyeaminiwa maandishi ya wengine ndiye aliyeaminiwa maandishi yetu.

Stempu ikatolewa tarehe 1 Septemba 2001 huko Des Plaines, Illinois, kwenye mkutano wa mwaka wa jumuiya ya Waislamu wa Amerika ya Kaskazini. Siku kumi baadaye mnajua lililotokea. Ghafla kipande kile cha karatasi chenye maneno mawili ya kheri kikawa kitu cha kutiliwa shaka. Wako waliotaka stempu ifutwe kabisa. Na wako Waislamu walioogopa kuibandika kwenye barua zao, wasije wakatambulikana. Idd iliingia Desemba ile ile. Jamii ikasimama, wakahimizana kuinunua na kuidai, na mwaka 2002 posta ikaitoa tena kwa bei mpya ya senti 37 kutoka 34 za mwanzo. Imerudi mara kadhaa baada ya hapo, na mwaka 2011 ikatoka ya rangi nyekundu.

Nilipoyasoma hayo nikajiuliza: lau khati ile ingekuwa mbovu, herufi zimeachana kama zangu, wangekuwa na nini cha kukitetea?

Sasa niwaeleze la nyumbani. Mimi nimelelewa Mombasa na nasoma Nairobi. Mwaka wangu wa kwanza chuo kikuu jumuiya yetu ya wanafunzi Waislamu iliandaa futari na ikanipa tangazo nilitengeneze. Lengo lilikuwa kuwakaribisha wanafunzi wote, wa dini zote. Nikaweka kuba, mwezi mchanga, taa za kuning'inia, ngamia wawili (usiniulize ngamia wa nini), na neno "Iftar" kwa herufi zinazojikunja kama za Kiarabu. Wakaja Waislamu peke yao. Jirani yangu wa bweni, Mkristo kutoka Kisii, nikamuuliza mbona hukuja? Akasema, "Ndugu, nilidhani ni mambo yenu."

Mwaka uliofuata nikaliandika upya. Juu, kwa herufi kubwa: NJOO TULE. Chini yake: tumefunga tangu alfajiri, jua likizama twafungua, nasi tungependa ufungue nasi. Saa kumi na mbili na nusu, ukumbi fulani. Picha ya tende tatu na kikombe cha uji. Hapakuwa na ngamia. Siku hiyo kaimati na viazi karai vilikwisha kabla maghribi hatujaiswali, na wale ndugu wa jikoni walininunia mimi.

Na hao ngamia niwaseme kidogo. Tazama matangazo yetu ya Ramadhan, kuanzia Likoni hadi Mumias hadi Eastleigh. Misikiti yote ni ya Istanbul au Madina, jangwa limetanda, mitende, ngamia. Madina twaipenda, hakuna ubishi. Lakini Mandhry, msikiti uliojengwa mwaka 1570 pale Mji wa Kale Mombasa, una mnara wake wa pia ulionona chini na kuchongoka juu. Msikiti wa Ijumaa wa Shela una mnara wa mwaka 1829, mwingine kabisa. Mtoto wa Lamu akichora msikiti anachora kuba la Kituruki, wakati aliokulia ndani yake hauna kuba. Nani aliyemfundisha kwamba wa kwao si msikiti wa kuchorwa? Ni sisi wenye kompyuta, kwa uvivu. Picha hizo hupatikana bure, ndiyo sababu, hakuna nyingine. Uchina yuko Mi Guangjiang, ajulikanaye kama Haji Noor Deen, mzaliwa wa Shandong mwaka 1963. Alipata cheti cha khati Misri mwaka 1997 na amefundisha katika chuo cha Kiislamu cha Zhengzhou. Yeye huandika Kiarabu sahihi kwa mkono wa Kichina, kazi zake zikaning'inizwa ukutani kama zinavyoning'inizwa picha za kwao. Ukiiona kazi yake wajua papo hapo: huyu ni Muislamu, na huyu ni Mchina. Nami natamani siku moja mtu aone tangazo la madrasa yetu aseme, hawa ni Waislamu, na hawa ni watu wa pwani ya Kenya.

La kulipwa nalo nilitaje, ingawa baadhi ya wazee hawatalipenda. Fundi wa maturubali hulipwa. Mpishi wa pilau hulipwa, na haki yake. Kijana anayekesha siku mbili na tangazo huambiwa "hiyo ni fisabilillahi". Sawa, thawabu twaitaka wote. Lakini kazi isiyolipwa hufanywa usiku wa manane baina ya kazi mbili zinazolipwa, na ndivyo bango langu lilivyotumwa bila kwenda kulitazama likichapwa. Sijitetei. Nasema tu kwamba nauli ya matatu hadi kwa wachapishaji ingeiokoa aya ile.

Zakariya aliweka makazi yake Arlington, Virginia, na amefundisha wanafunzi wake kwa njia ile ile aliyofundishwa: mstari, nakala, sahihisho. Hutengeneza pia ala za kale za kupimia nyota, maana ule ufundi wake wa vyuma hakuutupa aliposilimu, aliuingiza kazini. Hilo lilinipa moyo kuanza jambo dogo. Tangu likizo iliyopita mwalimu wangu yule yule wa bango, pamoja nami, tunawafundisha watoto wa madrasa siku za Jumamosi. Tunakata matete yanayomea kando ya mto, tunayakausha juu ya paa, twachonga ncha kwa kisu kikali. Wino tunanunua, wa kutengeneza ulitushinda, ulinuka. Yeye haoni vizuri kwa hiyo mimi nasoma kwa sauti: "alif hii ina nukta sita, mwalimu, na imelalia kushoto." Anafikiri. "Mwambie arudie."

Mimi pia narudia. Nilianza na alif miezi minne iliyopita, na karatasi yangu hukusanywa pamoja na za watoto wa miaka tisa. Wiki iliyopita binti mmoja mdogo aliitazama ya kwangu, akaitazama ya kwake, akanionea huruma. Haki yake, yake ilikuwa imesimama.

Kina dada wanaokuja ni wengi kuliko kina kaka, sijui kwa nini. Wazazi wawili waliniuliza kama kuchora si haramu. Niliwaambia hatuchori viumbe, twaandika herufi, na wakitaka kujua zaidi wamuulize mwalimu. Walimuuliza, na sasa mmoja wao huja kukaa nyuma ya darasa na kalamu yake mwenyewe.

Ramadhan hii bango la msikiti halikupitia kwa wachapishaji. Tulinunua kitambaa cheupe, marekani, mita nne. Mwalimu akataka tusiweke aya, tuandike tu "Karibu Ramadhan" kwa Kiswahili, mstari mmoja kwa herufi za Kiarabu kama alivyokuwa akiandika babu yake, na mstari mmoja kwa herufi tunazosoma shuleni. Watoto waliandika kwa penseli kwanza, kisha kwa brashi. Reh ya Ramadhan imeinama kupita kiasi, na wino ulidondoka mahali pawili. Limetundikwa mlangoni. Watu husimama kulisoma, na juzi mzee mmoja alilisoma kwa sauti, akakosoa ile reh, akauliza ni nani aliyeandika.

Tutaendelea na darasa baada ya Idd, inshallah, Jumamosi baada ya Alasiri. Kalamu zipo za kutosha. Njoo na karatasi yako, isiwe na mistari.